Laina ya kupulizia inabanduka bodi ya pikapu: unakwangua mpaka chuma au unaua mng'ao tu?

MpigaMaboksi
Wakuu salama? Niende moja kwa moja. Nina Hilux ya zamani kidogo, nilinunua kwa mtu, kazi yake kubeba samaki kutoka Bagamoyo kuja Dar na wikiendi mzigo wa yeyote mwenye hela. Mwaka jana nikapeleka bodi ya nyuma gereji ikapigwa ile laina nyeusi ya kupulizia, lile koti nene la kukinga bati la bodi, ikatoka kali mpaka watu wananiuliza nimefanyia wapi. Sasa hivi inabanduka. Yaani sio inachubuka, unashika kona unavuta kinakuja kipande kizima. Aliyeifanya anasema mzigo wangu ndio mbaya. Fundi wa pili anasema mwenzake hakukwangua rangi mpaka chuma cheupe, yeye anataka apige grainda bodi yote ndio apulize upya. Wa tatu akacheka, akasema ukishafika kwenye chuma umeshaharibu. Sasa nani anajua na nani anataka hela yangu? Mliowahi kufanya hii kitu njooni.

Kaa_la_Moto
Nimekaa paleee nasubiri wataalamu

FundiBodi_Keko
Wa tatu ndio anajua. Rangi ya kiwandani chini kabisa ina praima ambayo bodi inazamishwa nzima kwenye tanki halafu inapitishwa umeme, inaingia mpaka kwenye maungio. Hiyo hakuna fundi wa mtaani atakurudishia, ukiitoa kwa grainda umetoa kinga bora kuliko yote iliyopo hapo. Kazi ya msasa ni kuua mng'ao tu ili dawa ya laina ipate pa kung'ata. Msasa namba 80 kwa dawa nzito, kwenye 180 hivi kwa zile za chupa, usome maelekezo ya dawa yenyewe. Ukimaliza bodi yote iwe imepauka, ukiona sehemu inang'aa hata kama ni ndogo kama ukucha ujue hapo ndipo itakapoanzia. Chuma unakifikia penye kutu tu na hapo lazima praima ya epoksi kabla ya kitu kingine.

Chuma_Mboga
Mkuu wa Keko uko sahihi ila bodi za Hilux si aluminiamu? Aluminiamu haishiki rangi kirahisi, labda ndio tatizo la mleta uzi.

MzeeWaSumaku
@Chuma_Mboga aluminiamu ya wapi tena, Hilux ni chuma, chukua sumaku ukaiweke uone kama itadondoka. Unachanganya na Ford F-150 za Marekani, zile kuanzia toleo la 2015 ndio bodi aluminiamu.

Na kwa mleta uzi, kabla hatujaanza kurushiana mawe hapa, geuza hicho kipande kilichobanduka uangalie MGONGO wake. Kuna rangi ya gari imeng'ang'ania, au ni mweusi mtupu, laini? Kama umebeba rangi maana yake laina ilishika vizuri, ila rangi ya chini ndio ilikuwa haijashika chuma. Kama ni mweusi msafi basi laina haikushika rangi. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na mafundi wako watatu wote wanatibu bila kupima.

Chuma_Mboga
Haya yamenikuta 😂 nilisoma mahali, samahani wazee

Kaa_la_Moto
Amesoma mahali 😂😂

MpigaMaboksi
@MzeeWaSumaku nimetoka kuangalia sasa hivi. Sasa ndio kichwa kinaniuma zaidi. Upande wa mbele karibu na kebini kipande kimetoka na rangi ya silva nyuma yake, mpaka na kitu kama unga wa kijivu. Ubavuni kimetoka cheusi msafi, ukikipangusa kinateleza. Na karibu na mlango wa nyuma hakijabanduka ila kuna mapovu mapovu, ukitoboa na msumari unakuta uwazi na unyevu ndani.

MzeeWaSumaku
Magonjwa matatu kwenye bodi moja. Hongera.

Mbele hapo ule unga wa kijivu ni pati, ile ya kujazia mabonde ya bati. Gari iligongwa au ilibonyea kwa mzigo ikanyooshwa, pati ikapakwa ikafunikwa na rangi. Weka sumaku, ukiona inashika kwa uvivu kuliko pembeni basi pati ni nene. Laina haina kosa hapo.

FundiBodi_Keko
Nakubaliana na mzee kuhusu pati ila naongeza kitu. Hiyo silva ya juu ya pati inaweza kuwa ni NC, ile rangi ya bei chee inayokauka kwa hewa bila hadena, ile dawa ya kugandisha inayochanganywa na rangi. Dawa ya laina ina kemikali kali, ikikaa juu ya NC inailainisha, zote mbili zinanyanyuka pamoja. Kipimo chake hakina gharama, chukua kitambaa cheupe kiloweshe thina kisugue kwenye rangi kwa nguvu kidogo. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, hiyo ni NC, iondoe yote eneo hilo. Isipohama ni tuki (2K, rangi ya kuchanganywa na hadena) au ya kiwandani, unapiga msasa na kuendelea. Kwa hiyo kukwangua mpaka chini kuna wakati ni lazima, nisinukuliwe vibaya hapo juu.

Mama_Dimaksi
Jamani hamjambo. Mimi niko Iringa, nina Isuzu D-Max ya shambani, naomba niongelee mapovu maana hayo nayajua. Yangu nilikuwa nabebea mbolea, urea na CAN, mifuko inapasuka inamwagika kwenye kona. Tulipokuja kuipiga laina fundi alipiga msasa vizuri kabisa, akapangusa na thina, akapuliza. Mvua za kwanza tu mapovu yakaota kwenye zile kona kona. Kuna mhandisi wa kiwanda akanielewesha kwamba thina haiondoi chumvi, thina inaondoa mafuta. Chumvi inaondolewa na maji, maji mengi ya bomba, na brashi, kabla ya msasa. Ikibaki chini ya laina inavuta maji kupitia kwenye laina yenyewe kidogo kidogo, yanajikusanya hapo chini na kuinyanyua. Kwa hiyo kaka MpigaMaboksi, samaki wa baharini, barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanatiririka kuelekea wapi? Mlango wa nyuma. Ndipo penye mapovu.

Kaa_la_Moto
Mama umemaliza, uzi ufungwe

Dagaa_Kauzu
Usifungwe kwanza. Mimi nabeba dagaa kutoka Mwanza, chumvi kibao na laina yangu iko poa, hiyo ya chumvi ni hadithi.

MtuWaMusoma
@Dagaa_Kauzu dagaa wa Mwanza wanatoka Ziwa Victoria ndugu yangu, lile ziwa ni maji baridi, chumvi kibao umeitoa wapi? Tunayaoga na kunywa hayo.

Dagaa_Kauzu
Basi harufu yake ina chumvi 😂

MtuWaMusoma
Wewe shida yako ni MAFUTA ya dagaa, na hayo ndio hatari nyingine. Yakishakauka kwenye bodi yanakuwa kama vanishi, maji matupu hayayatoi.

BatiNene_NBO
Niaje wadau, niko Nairobi, nimefanya hii kazi Industrial Area kitambo kabla nihamie mambo mengine. Hiyo part ya ubavuni iliyotoka nyeusi clean ndiyo nataka kuongelea. Wengi hufanya mpangilio vibaya, wanapiga msasa kwanza halafu ndio wanaosha. Ukipiga msasa juu ya grisi na silikoni unaisukuma ndani ya mikwaruzo, hata ukipangusa baadaye haitoki yote. Osha na digriza au sabuni ya vyombo, suuza, kausha, pangusa na dawa ya kutoa nta, HALAFU msasa, halafu vumbi, halafu pangusa tena. Na kitambaa ni viwili, kimoja kimelowa kinalegeza uchafu, kingine kikavu kinauchukua kabla haujakauka. Ukitumia kimoja unahamisha mafuta kutoka huku kwenda kule.

Pia uliza kama hiyo gari ilikuwa inapakwa ile dawa ya kung'arisha tairi na plastiki. Ile ni silikoni tupu na inaruka mbali.

MpigaMaboksi
@BatiNene_NBO car wash ninayoosha wanapuliza hiyo dawa kila kitu mpaka na mimi mwenyewe nikizubaa. Na yule fundi nilimuona anapangusa na petroli. Petroli ni sawa?

BatiNene_NBO
Petroli apana. Inaacha utando ikikauka, kuna viongezwa ndani. Mafuta ya taa ndio mbaya zaidi.

FundiBodi_Keko
Petroli mafundi wengi tunatumia na rangi zinashika, tusitishane. Ila kwa laina sishauri, laina ni nzito, inavuta kwenye kona kuliko rangi ya kawaida.

MzeeWaSumaku
Mimi napinga hiyo ya silikoni. Silikoni ingekuwepo ungeona siku hiyo hiyo, dawa ingekimbia na kuacha vishimo vishimo kama macho ya samaki. Mleta uzi anasema ilitoka safi. Ubavuni hapo ni uvivu wa msasa tu. Ubavu umesimama, mkono unachoka, na pale kwenye mbavu za bati mashine ya msasa haifiki, unatakiwa ushike kipande cha msasa kwa vidole au ile sponji nyekundu ya kusugulia. Wengi wanapiga sakafu vizuri, ubavuni wanapapasa.

BatiNene_NBO
Vishimo unaona kwa rangi nyembamba mzee. Laina ina chenga chenga, vishimo vinafichika. Huwezi sema haikuwepo.

MzeeWaSumaku
Na wewe huwezi kusema ilikuwepo.

Kaa_la_Moto
Naongeza popcorn

Mswahili_wa_Houston
Salam wakuu, niko Texas huku, nina Silverado na niliipeleka kwenye duka la hizi kazi nikakaa naangalia. Huku hawafiki kwenye chuma kabisa. Walitoa mlango wa nyuma, wakatoa ndoano zote za kufungia kamba, wakaosha, msasa wa mashine pote, wakafunika gari lote kwa plastiki, wakapangusa, wakapuliza, jioni naondoka nayo. Ila dawa yao ni poliyurea, inatoka kwenye mashine ya mamilioni, vitu viwili vinapashwa moto mpaka kwenye nyuzi 65 hivi na kusukumwa kwa presha ya zaidi ya psi 2000, vinakutana mdomoni mwa bunduki na inaganda ndani ya sekunde. Ile haisubiri unyevu wala vumbi. Za chupa za kutikisa na kupuliza kwa kompresa ni kitu kingine, zinachukua masaa kukauka na masaa yote hayo hewa inaingilia.

Kitu kingine nilichopenda, pembeni walibandika tepu yenye waya mwembamba ndani, laina ikiwa bado laini wanavuta waya unakata mstari ulionyooka. Huku Bongo naona wanaacha masking tepu mpaka ikauke halafu wanaing'oa na laina inachanika ukingoni. Ukingo uliochanika ndio mlango wa maji.

Chuma_Mboga
@Mswahili_wa_Houston Silverado 😂 tumekusikia mkuu, salimia Marekani

Mswahili_wa_Houston
Bado nadaiwa na benki, usinionee wivu

PwaniKwetu_MSA
Ndugu zangu, mmesahau hewa. Huku Mombasa na hapo Dar hewa imejaa maji. Hizi dawa za poliyurethani hadena yake ni isosayanati, ikikutana na maji inatoa gesi, kabonidayoksaidi ile ile ya soda, na gesi ikinaswa ndani ndio mapovu hayo. Bwana alipuliza saa ngapi? Kama ni alfajiri ili akwepe jua basi bati lilikuwa na umande hata kama halionekani kwa jicho. Kanuni ya wapiga rangi wa meli huku bandarini ni bati liwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya pale umande unapoanza kuganda. Na kompresa je, alimwaga maji ya tanki? Kompresa ya mtaani ukifungua koki ya chini inatoa maji ya kutu utadhani chai.

Mama_Dimaksi
Kaka wa Mombasa, mapovu ya gesi yanatokea siku ile ile au kesho yake, si baada ya miezi. Ya kwake yamekuja baadaye na yana unyevu ndani. Narudi palepale kwenye chumvi.

PwaniKwetu_MSA
Hujakosea dada, lakini yaweza kuwa yalikuwepo madogo madogo tangu mwanzo, maji yakaja kuyajaza baadaye. Yeye alikuwa anafurahia weusi tu hakuangalia.

Mpemba_Muscat
Assalaam alaykum. Huku Oman tuna ugonjwa wa kinyume. Bati likiachwa juani linakuwa moto huwezi kuweka kiganja, mtu akipuliza hapo juu panakauka kwanza chini bado mbichi, ile thina iliyomo ndani haina pa kutokea, inanyanyua mapovu. Dar mchana bati jeusi juani ni vilevile. Kwa hiyo alfajiri umande, mchana moto. Fanyeni kivulini asubuhi jua likishapanda, na mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, uwe mwembamba, sio kumwaga chupa yote mara moja ili mteja aone unene.

PwaniKwetu_MSA
Waalaykum salaam. Hilo nalikubali.

MpigaMaboksi
Alipuliza mchana, nje, chini ya mwembe. Nusu kivuli nusu jua.

Kaa_la_Moto
Nusu umande nusu moto, kila mtaalamu apate chake 😂

FundiBodi_Keko
@MpigaMaboksi mkono wa pili alipuliza lini? Uliza hilo. Hizi dawa kati ya mkono na mkono zina muda wake, ukichelewa mpaka kesho yake bila kupitisha msasa tena, mkono wa pili unakaa juu kama mgeni. Ila kwako mgongo umetoka na rangi mbele na mweusi mtupu ubavuni, laina haijaachana katikati ya mkono na mkono, kwa hiyo naona sio hilo. Nimeuliza tu.

TxK_Laina_Bora
Habari wadau, tunapiga laina ORIGINAL gari zote, garantii ya maisha, bei njoo PM

MzeeWaSumaku
Garantii ya maisha ya nani, yako au ya gari? Tuambie unaandaaje bodi kwanza, hapa hapa, sio PM.

TxK_Laina_Bora
Tunaosha na kupiga msasa boss

MzeeWaSumaku
Namba ngapi?

Dagaa_Kauzu
Amekimbia

Nyanda_za_Juu
Mimi swali la pembeni. Nina ile laina ya plastiki ya kudumbukiza, ilikuja na gari. Nikiitoa nipulize naweza kupuliza moja kwa moja?

BatiNene_NBO
Itoe uone kwanza. Nyingi huwa zimetobolewa matundu ya skrubu kwenye bati, na mchanga unaingia chini unasaga rangi kila gari likitikisika, maji nayo hayatoki. Utakuta rangi imeliwa na kutu imeanza kwenye matundu. Kutu kwangua mpaka chuma, epoksi, matundu ziba, maungio weka sila ya bodi na iache ikauke kabisa.

Mama_Dimaksi
Na matundu ya kutolea maji yasizibwe, yale ya kiwandani. Mimi yalizibwa nikawa na bwawa.

FundiBodi_Keko
Na boliti za bodi zifunikwe. Wakipuliza juu ya vichwa vya boliti, siku unataka kushusha bodi utanikumbuka. Matundu ya boliti za ndoano unaingiza boliti za zamani kwanza kisha unapuliza. Na kwenye kingo za mlango wa nyuma usijaze, laina ina unene, mlango utagoma kufunga.

Nyanda_za_Juu
Kutu mimi nataka kutumia ile dawa ya kugeuza kutu kuwa nyeusi, nikwepe grainda.

PwaniKwetu_MSA
Zile nyingi zina asidi. Zikibaki bila kusuuzwa epoksi juu yake inaweza kugoma. Kama chupa imesema suuza, suuza kweli, kisha kausha upesi bati lisianze kutu upya. Mie naona waya brashi na msasa ni salama zaidi, japo jasho lake si dogo.

Daktari_wa_Mtaa
Naona mmeongelea bodi wee, mapafu hakuna. Hiyo isosayanati aliyotaja mtu wa Mombasa ukiivuta inaweza kukupa pumu, na mwili ukishaizoea vibaya kiasi kidogo tu baadaye kinakuamsha usiku unakosa pumzi. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Kwa zile mashine kubwa mpulizaji anavaa kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Hata za chupa, vaa ya vichujio vya kemikali, sio ile ya vumbi, na watoto wasikae jirani chini ya mwembe kuangalia.

FundiBodi_Keko
Asante dokta. Tunafunga fulana puani miaka yote, hili litabidi nilifikirie.

BatiNene_NBO
Si kufikiria fundi, kanunue.

MpigaMaboksi
Ahsanteni wakuu. Nimepiga sumaku, mzee ulikuwa sahihi, ukuta wa mbele una pati nene karibu upana wote na katikati imepasuka. Nimepiga thina pia, silva ya mbele imehamia kwenye kitambaa, ubavuni haijahama. Kwa hiyo mpango ni huu: mbele natoa yote mpaka chuma, nanyoosha upya, epoksi. Ubavuni na sakafuni nang'oa laina, naosha, msasa 80, sifiki chuma. Mlangoni naosha na maji ya bomba mpaka Mama Dimaksi aridhike. Fundi wa grainda bodi nzima simpi.

Kabla sijapuliza pote nitajaribu kipande kidogo.

MzeeWaSumaku
Jaribu hivi. Baada ya kuosha, mwagia maji bati lote. Maji yakitanda kama shuka pamesafika, yakijikusanya matone matone bado pana mafuta, rudia. Kisha kipande chako kikishakauka kabisa, siku kadhaa, chora na wembe miraba midogo midogo, bandika tepu ngumu ing'oe kwa mkupuo. Miraba ikibaki puliza bodi.

BatiNene_NBO
Kipimo cha maji hakioni chumvi though. Hiyo mama atasema.

Mama_Dimaksi
Nimeshasema. Suuza mpaka uchoke, na barafu ya samaki uitafutie boksi lenye mfuniko.

Dagaa_Kauzu
Mimi bado nasema ukitandika mbao ya mirunda chini na turubai juu hizi gharama zote huna.

MtuWaMusoma
Mbao inayonyonya mafuta ya dagaa mpaka gari linanuka kilomita mbili? Hapana asante.

Nyanda_za_Juu
Nyeusi si inachoma nyanya mchana? Kuna rangi nyingine?

FundiBodi_Keko
Zipo za kuchanganyiwa rangi unayotaka, kijivu cha mpauko kinafaa kwa nyanya. Maandalizi ni yale yale, na mafundi wavivu ni wale wale.